Kutoka Mjini Mpaka Kabiria: Safari ya Mkesha wa Noeli

Wasomaji wengi wa gazeti hili, hasa wale walimao katika wilaya za mbali, huenda hawajapata kulisikia jina la Kabiria. Si ajabu. Kabiria si mahali penye sifa, wala hakuna jengo ambalo mgeni hupelekwa kulitazama. Ni sehemu ya Dagoretti, upande wa magharibi wa Nairobi, jirani na Riruta na Waithaka. Zamani ilikuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu, ikahesabiwa katika wilaya ya Kiambu; hata mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa kupata uhuru, ikaingizwa ndani ya jiji. Lakini ng'ombe hawakuambiwa habari hiyo, na mpaka leo utawasikia wakilia nyuma ya nyumba za kupangisha.

Mimi nilizaliwa huko. Leo napenda kuwaeleza safari niliyoifanya kwa miguu siku ya mkesha wa Noeli iliyopita, kutoka ofisini kwangu katikati ya jiji mpaka nyumbani kwetu Kabiria. Naieleza kwa sababu safari hiyo ilinifundisha maana ya kuzaliwa kwa Masihi kuliko aya nyingi nilizozikariri nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari iliyoanzishwa na wamisionari. Tena naieleza kwa aibu kidogo, kama mtakavyoona.

Asubuhi ya siku ile sisi watumishi wa ofisi yetu tulikusanyika kwa sala fupi kabla ya kufunga kazi, nami nikaombwa kusoma na kufafanua. Nilichagua sura ya pili ya Injili ya Mathayo, pale Mfalme Herode alipowaita wakuu wa makuhani na waandishi, akawauliza Masihi azaliwe wapi. Wale waandishi hawakusita. Walijibu kwamba ni Bethlehemu ya Uyahudi, wakamtaja nabii na maneno yake. Niliwaambia wenzangu kwamba jibu lao lilikuwa sahihi kabisa, na kwamba hakuna karani ambaye angeweza kulitafuta faili lile upesi kuliko wao. Kisha nikawaambia kwamba kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu ni kama kilomita 9 tu. Wala katika Injili ile hatusomi kwamba hata mmoja wa waandishi hao aliinuka akaenda kutazama. Waliokwenda ni wageni wa mashariki, ambao walikuwa wametoka mbali sana. Wenzangu walinisifu kwa ufafanuzi huo. Tukanywa chai, tukapeana mikono.

Nilipokuwa nikitoka, askari mzee alindaye mlango wetu, ambaye alikuwa amesikiliza akiwa amesimama nyuma, alinisalimu akaniuliza, "Na wewe, Bwana Karani, kutoka hapa mpaka kwenu ni kilomita ngapi?"

Nikamjibu, "Kama kumi na mbili, mzee."

"Ah! Basi utafika mapema," akasema. "Unisalimie mama."

Mzee yule hakukusudia kunichoma. Alitaka kujua tu kama safari yangu ni ndefu. Lakini maneno yake yaliniingia, kwa maana Noeli tatu zilikuwa zimepita bila mimi kukanyaga Kabiria. Kila mwaka nilimwahidi mama kwamba nitakuja, na kila mwaka, siku ilipokaribia, nilimtumia fedha kwa simu. Fedha zilifika kwa dakika moja. Mama alinishukuru, kisha akaniuliza nitakuja siku gani. Hata asubuhi hiyo nilikuwa nimekwisha kuzituma za mwaka huo. Mke wangu na watoto walikuwa wamekwenda kwa wazazi wake Nyeri, nami nilikuwa nimepanga kulala nyumbani Umoja na kusoma kitabu.

Sababu ya kutokwenda kwetu haikuwa mama. Ilikuwa ni kaka yangu, na hatua tatu za udongo. Hayo nitayaeleza tutakapofika.

Nilisimama barabarani kitambo. Foleni za magari ya abiria zilikuwa ndefu, na nauli, kama ilivyo desturi ya sikukuu, zilikuwa zimepanda. Lakini sikuanza kutembea kwa ajili ya nauli. Najijua: kama ningesimama katika foleni ningepata nafasi ya kugeuza nia. Basi saa nane mchana nikashika njia.

Nilianzia karibu na Kanisa la Familia Takatifu, ambalo Wakatoliki huliita Basilika. Kanisa la kwanza la mawe lilianza kujengwa mahali hapo mwaka 1904, wakati Nairobi ilipokuwa bado kambi ya reli yenye maduka ya mabati. Hili lililopo sasa lilijengwa kati ya 1960 na 1963, likapewa cheo cha Basilika mwaka 1982. Nimepita mlangoni pake mara nyingi nikiwa na mafaili kwapani, bila kuwaza jina lake. Siku hiyo niliwaza. Pale pana Bunge, pana Ukumbi wa Jiji, pana Mahakama ya Juu, yaani nguvu zote za nchi zimekaa karibu karibu. Na katikati yake imesimama nyumba iliyopewa jina la fundi seremala, mkewe na mtoto wao, watu ambao walipofika katika mji wa ukoo wao hawakupata mahali katika nyumba ya wageni.

Yafaa hapa tulitazame neno lenyewe. Masihi maana yake ni Mpakwa-mafuta. Katika Israeli mfalme alipakwa mafuta kichwani kuwa ishara kwamba Mungu amemchagua. Watu waliposema kwamba wanamngoja Masihi, walimngoja mfalme wa nyumba ya Daudi, kwa sababu nabii Nathani alikuwa amempelekea Daudi ahadi ya kwamba ufalme wake utadumu. Basi mtu mwenye akili angemtafuta Masihi katika jumba la mfalme, mjini Yerusalemu. Lakini Mika, nabii aliyetoka katika mji mdogo wa Moreshethi, alitamka zaidi ya miaka 700 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana kwamba mtawala huyo atatoka Bethlehemu, mahali padogo mno kuhesabiwa kati ya koo za Yuda. Ni kana kwamba Mungu alikataa kuanzia pale wafalme walipofikia, akarudi kuanzia pale Daudi alipotwaliwa, nyuma ya kondoo, kijana mdogo kuliko wana wote wa Yese.

Nikavuka barabara kuu na kupita kando ya Bustani ya Uhuru, mpaka nikalifikia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na jengo halikukamilika mpaka mwaka 1952. Hiyo ni miaka 35. Bila shaka kuna waashi waliopanga mawe ya chini ambao hawakuyaona mawe ya juu. Vivyo hivyo kuna watu waliosikia ahadi ya Masihi na kufa bila kuona kitu. Baada ya Mika ufalme wa Daudi ulianguka, hekalu likachomwa, watu wakachukuliwa mateka mpaka Babeli. Wakaja Waajemi, wakaja Wayunani, wakaja Warumi. Kila mtawala aliandika sheria zake na kutoza kodi yake, na ahadi ikabaki midomoni mwa wazee na katika vitabu vya kukunjwa.

Luka anatuonyesha wawili kati ya hao wangojao: mzee Simeoni, na Ana, mjane mwenye umri mkubwa ambaye hakuondoka hekaluni usiku na mchana. Nilipokuwa nikipanda mlima kuelekea Barabara ya Ngong, jua likinipiga usoni, niliwaza habari za Ana huyo kwa namna ambayo sikupata kuiwaza nikiwa darasani. Mama yangu pia ni mjane. Naye hungoja. Tofauti ni kwamba Ana alimngoja mwenye kutimiza ahadi yake, na mama alikuwa akiningoja mimi.

Barabara ya Ngong ni ndefu, na mtu aendaye kwa miguu huiona kwa macho mengine. Siku hiyo ilijaa watu waendao kwao: vijana wenye mikoba, akina mama wenye kuku katika vikapu, mzee mmoja aliyebeba sufuria mpya kichwani kama kofia. Magari ya safari za mbali yalikuwa yamepakiwa magodoro juu. Nikasema moyoni, hivi ndivyo ilivyokuwa zilipotoka amri za Kaisari Augusto, kila mtu akaenda kuandikwa katika mji wake mwenyewe.

Jambo hilo la kuandikwa latuhusu sana sisi makarani, na kwa kawaida tunalipita upesi katika kusoma. Yusufu hakwenda Bethlehemu kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu ya orodha ya serikali. Katika nchi yetu wazee wanajua maana ya orodha. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na tangu hapo mwanamume alipaswa kuchukua kipande chake kila aendako, mpaka utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 1947. Babu yangu alikivaa shingoni katika kikopo cha bati. Alituambia kwamba vijana wa siku zake walikiita kengele ya mbuzi, kwa sababu kilimpiga mtu kifuani kila alipopiga hatua.

Basi Mwana wa Mungu aliingia ulimwenguni katika njia hiyo ya watu walioamriwa. Hakuja akiwa mwenye kushika kalamu; alikuja tumboni mwa mwanamke ambaye mumewe alikuwa akienda kupanga foleni mbele ya karani. Tangu siku ile mimi siwezi tena kumtazama mtu aliyesimama mbele ya meza yangu na fomu iliyokunjwa mkononi kama nilivyomtazama zamani. Na hapa nasema kweli tu: nilikuwa nikiwatazama vibaya.

Nilipofika Dagoretti Corner, karibu na makao ya Idara ya Hali ya Hewa, niliiacha Barabara ya Ngong nikashika upande wa Riruta. Hapo mtu huanza kusikia kwamba amefika katika nchi ya Dagoretti. Udongo ni mwekundu, ardhi ni migongo na mabonde, na katika mabonde bado pana mahindi na nepia na migomba katikati ya nyumba za ghorofa. Nchi hii ina habari zake za ahadi. Mwezi wa Oktoba 1890, Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alifika Dagoretti akafanya agano la udugu na Waiyaki wa Hinga, akapewa mahali pa kujenga ngome. Kisha Lugard akaenda zake Uganda. Watu wa Kampuni waliobaki, na wale waliokuja baadaye, walichukua chakula na mali za wenyeji, na udugu ukageuka vita. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafa njiani huko Kibwezi. Hakurudi tena katika nchi aliyokuwa ameifungulia mgeni mlango.

Sikumbuki habari hiyo ili kufufua ugomvi wa marehemu. Naikumbuka kwa sababu yaonyesha ubovu wa ahadi nyingi za wanadamu: aliyeahidi huondoka, na utimizaji huachiwa watu ambao hawakuahidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya hivyo kwa kiasi changu kidogo. Nilimwahidi mama, kisha nikaiachia simu initimizie.

Mbele kidogo, upande wa Riruta, kipo chuo cha mapadre cha Kanisa la Orthodoksi. Huenda msomaji atashangaa kusikia kwamba kanisa la Wayunani lina mizizi kati ya Wakikuyu, lakini ndivyo ilivyo. Katika miaka ya 1930, Wakikuyu waliotaka kanisa lao wenyewe, lisilo chini ya wamisionari wa Ulaya, walifundishwa na Askofu Daniel William Alexander aliyetoka Afrika ya Kusini. Baadaye, wakiongozwa na Padre Arthur Gathuna, wakapokewa na Patriarki wa Aleksandria. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, makanisa yao yalifungwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1957 Askofu Mkuu Makarios wa Kupro alipita Nairobi akitoka uhamishoni Ushelisheli, ambako Waingereza walikuwa wamemweka. Mwaka 1971 alirudi Kenya, na wakati huo alikuwa Rais wa nchi yake, akaweka jiwe la msingi la chuo hicho cha Riruta. Yeye hakutuma barua na hawala tu, alikuja.

Mimi si Mworthodoksi. Lakini nilipopita hapo nililiona jambo ambalo tangu asubuhi lilikuwa likinizunguka. Maana ya Noeli si kwamba Mungu alitukumbuka. Alikuwa ametukumbuka siku zote. Aliwapeleka manabii, nao walikuwa kama barua zake, zenye maneno ya kweli na muhuri halisi. Alitoa mana jangwani na mvua kwa wakati wake, navyo vilikuwa kama fedha zake. Watu walishukuru, kisha wakaendelea kuuliza yeye mwenyewe atakuja lini. Siku Masihi alipozaliwa, hakuleta mjumbe mwingine tena. Mwenye ahadi aliitembeza mwenyewe mpaka mlangoni. Isaya alikuwa amelitaja jina la mtoto kuwa Imanueli, ambalo maana yake ni Mungu pamoja nasi. Na neno zito katika jina hilo ni lile la "pamoja".

Sasa nimefika Kabiria, na lazima niseme habari za zile hatua tatu.

Baba yetu alituachia shamba dogo. Kabla ya kufa, mbele ya mama na wazee wawili wa ukoo, alisema tuligawe sawa, kaka yangu upande wa juu na mimi upande wa bondeni, na mama akae katika nyumba yake mpaka mwisho wa siku zake. Kaka, ambaye hana mshahara, alijenga vyumba vinne vya mabati vya kupangisha. Kutoka mjini nilikuja siku moja nikapima kwa miguu yangu, nikaona kwamba chumba cha mwisho kimeingia upande wangu hatua tatu. Nilimwambia akivunje. Akasema mpaka ni pale alipojenga. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa karatasi, nilimwandikia barua kwa mtambo, nikampelekea wakili naye aandike yake. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Katika kutelemka njia ya Kabiria nilikumbuka kisa kilichotokea Bethlehemu ile ile miaka mingi kabla ya Masihi. Mume wa Naomi, Elimeleki, alikuwa na shamba huko, akafa ugenini pamoja na wanawe. Naomi alirudi maskini, akiwa na mkwewe Ruthu, mwanamke wa Moabu. Shamba lilihitaji jamaa wa kulikomboa. Alikuwapo mmoja wa karibu kuliko wote, na mbele ya wazee 10 langoni mwa mji alikubali kulinunua. Lakini aliposikia kwamba lazima pia amchukue Ruthu na kuliinua jina la marehemu, akakataa, asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Ndipo Boazi alipolikomboa. Ruthu akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Na katika ukoo huo alizaliwa Yusufu, na Masihi akahesabiwa humo.

Yule jamaa aliyeogopa kuuharibu urithi wake, Biblia haikumwandikia jina. Kitabu chenye majina mengi kama hicho kimelinyima jina lake nafasi. Nilikuwa nimekisoma kisa hicho mara nyingi, nami siku zote nilijiona kuwa ni Boazi. Siku hiyo, karibu na duka la kona ambako zamani tulitumwa chumvi, nilijiona kuwa ni yule mwingine.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni nilipoingia uani. Watoto wa kaka ndio walioniona kwanza. Wakubwa waliita, "Baba mdogo!" na yule mdogo wa wote, ambaye sikuwa nimepata kumwona, alijificha nyuma ya dada yake. Alikuwa na umri wa miaka miwili. Kwa hesabu yangu ya kikarani nilitambua mara moja kwamba amezaliwa na kuanza kutembea katika muda wa zile barua.

Kaka alikuwa zizini, akimkatia ng'ombe nepia. Alinitazama viatu, ambavyo vilikuwa vimejaa vumbi jekundu.

"Umekuja kwa miguu?" akauliza.

"Kwa miguu, kaka."

"Kutoka mjini?"

"Kutoka mjini."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Shika hapo," akanipa mwisho wa tita la nepia, tukalibeba pamoja na kulimimina horini. Ng'ombe akaanza kula kabla hatujamaliza.

Wasomaji ambao ni wakulima hawahitaji kuambiwa hori ni nini. Picha za Noeli tunazotumiwa katika kadi hulionyesha kama kitanda safi chenye majani ya dhahabu. Hori letu ni la mbao zilizochakaa, lina mate ya ng'ombe na harufu ya pumba, na mtu akiweka mkono humo huutoa umelowa. Katika kitu cha namna hiyo ndimo Mariamu alimolaza mtoto wake. Nimefundishwa kwamba Masihi alijinyenyekeza, nami nimelijibu swali hilo katika mtihani nikapata alama nzuri. Lakini nilikuwa sijatia mkono horini kwa miaka mitatu.

Mama alitoka jikoni. Hakulia, wala hakuniuliza kwa nini sikuja miaka iliyopita. Alisema tu, "Mwanangu, maji ya kunawa yako hapo." Baadaye shemeji aliniambia kwamba kila Noeli mama alikuwa akipakua sahani moja zaidi na kuifunika, na kesho yake asubuhi kuwapa watoto.

Usiku ule tulikwenda sote kwenye kesha. Kanisa letu ni la mabati, na mvua ndogo ilinyesha juu yake hata mhubiri akalazimika kupaza sauti. Alisema mambo tunayoyajua: kwamba tarehe hasa ya kuzaliwa kwa Bwana haikuandikwa katika Injili, kwamba Wakristo wa Roma walikuwa wakiiadhimisha tarehe 25 Desemba katika karne ya nne, na ndugu zetu wa Ethiopia huiadhimisha mwezi wa Januari, lakini kwamba wote hukiri jambo moja, ya kuwa Mungu alisema na akatenda. Mimi na kaka tulikaa benchi moja. Hatukuzungumza habari za shamba. Mtoto yule wa miaka miwili alilala magotini pangu kwa sababu mikono ya baba yake ilikuwa imechoka.

Msomaji atataka kujua mwisho wa zile hatua tatu. Mwezi wa Januari tuliwaita wale wazee wawili na mpimaji wa ardhi. Alipoyatafuta mawe ya mpaka na kuvuta kamba yake, hatua zangu tatu zikawa hatua moja na nusu. Hata mimi nilikuwa nimepima kwa hasira, na miguu yenye hasira ni mirefu. Sisemi kwamba siku hiyo hatukurushiana maneno. Tulirushiana, na mzee mmoja akatishia kwenda zake. Lakini jioni tulikubaliana kwamba chumba kisivunjwe, na kodi yake iwe ya mama maadamu yu hai. Yatakayofuata baadaye tutayatazama baadaye, mradi tuyatazame tukiwa uso kwa uso wala si kwa barua.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaijua ahadi ya Masihi. Tunaweza kuonyesha sura na aya yake, kama wale waandishi wa Herode. Wao hawakukosa elimu. Walikosa safari ya kilomita 9. Naye Mungu, ambaye umbali wake na sisi hakuna mpimaji awezaye kuupima, ndiye aliyeutembea wote. Kwa hiyo, ikiwa Noeli inakaribia na wewe una mtu anayekungoja, mama au ndugu, au jirani uliyegombana naye kwa ajili ya mpaka, usijidanganye kwamba fedha ulizotuma zimekwenda badala yako. Zitume, maana zinahitajiwa. Kisha vaa viatu uende.

Yule askari mzee wa mlangoni aliniuliza tulipofungua ofisi kama nilifika mapema. Nikamjibu kwamba nilichelewa miaka mitatu, lakini mama anamsalimu.